Silikoni ya tangi la samaki: harufu ya siki haitoshi

"Ya choo au ya dirisha?"

Hilo ndilo swali utakaloulizwa ukiingia hadiwea yoyote ya Kariakoo na kusema unataka silikoni. Ukijibu kwamba ni ya tangi la samaki, muuzaji atapitisha macho kwenye rafu, atachomoa tyubu moja na kukuwekea kaunta: "Chukua hii, kaka. Hata mafundi wa akwariamu wanachukua hii hii." Ukimbana zaidi atakupa ushahidi mkubwa kuliko wote anaoujua: "Ukiifungua itanuka siki. Yenye siki ndiyo ya samaki."

Mara ya kwanza kuambiwa maneno hayo niliyaamini. Tangi langu lilikuwa dogo, la sentimita 60, limejaa gapi, wale samaki wadogo wa mapambo. Silikoni niliyopewa ilinuka siki mpaka macho yakaniwasha, nikafurahi kwamba nimepata yenyewe. Siku ya tatu baada ya kujaza maji, samaki walikuwa wamejipanga juu kabisa, midomo wazi, wanahema. Hadi jioni nilikuwa nimetoa saba kwa wavu. Usiku nikaiokota ile tyubu kwenye ndoo ya taka na kuisoma kwa mara ya kwanza. Nyuma, kwa herufi za kuumiza macho, iliandikwa ANTI-FUNGAL. Siapi kwamba dawa ile peke yake ndiyo iliyowaua, maana nami nilijaza maji baada ya saa 24 tu kwa haraka zangu. Lakini tangu siku hiyo sinunui tena silikoni kwa pua.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye tangi la kioo linalovuja, anayetaka kulirekebisha mwenyewe nyumbani. Kazi yote itachukua kama siku 10, na nyingi kati ya hizo ni za kusubiri. Kwa hiyo, kabla ya yote, tafuta mahali pa kuwaweka samaki: beseni kubwa au pipa la plastiki, maji ya tangi lilelile, na pampu ya hewa. Sponji la filta nalo liende humo humo. Ukiliacha likauke, bakteria wanaosafisha maji watakufa, na utakuwa umeponya tangi ukaua samaki kwa amonia, sumu itokanayo na kinyesi chao.

1. Hakikisha kinachovuja ni kiungio

Maji chini ya meza yana vyanzo vingi. Mpira wa filta uliolegea hutiririsha maji taratibu nyuma ya kioo. Pampu ya hewa hurusha matone madogo usiku kucha. Futa kioo chote kwa nje, kausha meza, tandika gazeti kavu kuzunguka tangi, kisha ondoka. Gazeti litakuonyesha kona gani inalowa kwanza.

Halafu weka alama ya kalamu kwenye kioo pale maji yalipofika, na usiongeze maji. Yakishuka hadi mahali fulani kisha yakatulia, tundu liko hapo au juu kidogo ya hapo. Yakiendelea kushuka, tatizo liko kwenye kiungio cha chini. Usichanganye na mvuke: tangi lisilo na mfuniko, feni ikilipulizia, hupungua kila siku bila kuvuja hata tone.

Ukikuta kioo chenyewe kina ufa, silikoni si dawa yake. Kata kioo kipya. Na ukigonga kwa ukucha ukasikia mlio mzito wa plastiki, hilo ni tangi la akriliki. Silikoni haishiki vizuri kwenye akriliki, ambayo ina gundi yake ya kuyeyusha, kwa hiyo mengi ya hapa chini hayakuhusu.

2. Elewa kilichomo ndani ya tyubu

Silikoni ikiwa ndani ya tyubu ni uji mzito. Ikikutana na unyevu wa hewa hugeuka mpira, na wakati wa kugeuka hutoa kitu hewani. Kitu hicho ndicho kinachozigawa silikoni za madukani makundi mawili.

Kundi la kwanza hutoa asidi ya asetiki, ileile iliyomo kwenye siki ya kachumbari. Hushika kioo kwa nguvu sana, na asidi yake huruka hewani ikaisha. Inayobaki huoshwa na maji. Kinachosalia ni mpira usio na habari na samaki. Silikoni nyingi za akwariamu zimo kundi hili, na hapo ndipo maneno ya muuzaji wetu yalipopata mzizi. Si uongo mtupu.

Kosa ni kwamba silikoni nyingi za bafuni nazo zimo kundi hilo hilo. Mfano ulio wazi ni DOWSIL 785 ya kampuni ya Dow: ni ya asidi, inanuka siki, na imetengenezwa makusudi kupambana na fangasi wa bafu na sinki. Kwa vigae vya bafuni ni bidhaa nzuri. Kwa tangi la samaki, hapana. Pua yako haiwezi kuitofautisha na ya akwariamu, kwa sababu siki inafunika yote.

Dawa hiyo ya fangasi inafanyaje kazi? Moja ya zinazotumika ni zinki pirithioni, ileile inayotiwa kwenye shampuu za mba. Inatoka ndani ya mpira kidogo kidogo, kila maji yanapopita, ili ukungu mweusi usiote kwenye maungio ya vigae. Bafuni inateremka na maji kwenye bomba. Kwenye tangi haina pa kwenda. Inabaki ndani ya lita zako 60 au 160, na samaki wanayapitisha maji hayo kwenye matamvua yao kila sekunde.

Kundi la pili hujulikana madukani kama "neutral". Halinuki siki, baadhi hutoa harufu kidogo ya kemikali inayoitwa oksimu, mengine hutoa spiriti. Mafundi hulipenda kwa vioo vya kujitazamia, marumaru na alminiamu, kwa sababu asidi huviharibu vitu hivyo. Si kwamba kila silikoni ya kundi hili ni sumu. Ila kama mtengenezaji wake hajasema wazi kwamba inafaa kwa akwariamu, sioni sababu ya kubahatisha wakati ya asidi ipo.

Isipokuwa mahali pamoja. Kuna watu wanaojenga tangi la matofali na saruji, halafu mbele wanaweka kioo. Wengi huja kulalamika kwamba silikoni nzuri ya akwariamu imebanduka kama ganda la ndizi. Asidi ya silikoni hukutana na chokaa iliyomo kwenye saruji, zinapambana, na kinachobaki katikati ni unga. Hapo ndipo panapohitaji ya kundi la pili, tena iliyoandikwa kwamba inaweza kukaa chini ya maji na kuishi na samaki. Hiyo ni kazi nyingine kabisa, na mimi ningemwachia fundi aliyewahi kuifanya.

3. Soma tyubu kuanzia nyuma

Upande wa mbele wa tyubu ni tangazo. Geuza.

Maneno unayoyatafuta ni AQUARIUM, pamoja na ACETOXY au ACETIC CURE (yaani lile kundi la asidi), na 100% SILICONE. Maneno yanayokutaka uirudishe rafuni ni haya: ANTI-FUNGAL, FUNGICIDE, MOULD RESISTANT (Wamarekani huandika MOLD), ANTI-BACTERIAL, SANITARY, BATHROOM, KITCHEN & BATH. Irudishe pia ukiona PAINTABLE au ACRYLIC, maana hiyo ni ya kuziba nyufa za ukuta kabla ya kupaka rangi na haitakaa chini ya maji.

Tahadhari na hiyo 100% SILICONE. Inachosema ni kwamba uji wenyewe haukuchanganywa na akriliki. Haisemi chochote kuhusu dawa iliyoongezwa juu yake. Nimeona tyubu zenye asilimia hiyo mbele na MOULD RESISTANT nyuma, na wala hakuna aliyedanganya.

Kuna pia picha ndogo ya kutafuta: almasi yenye mpaka mwekundu, ndani yake samaki aliyekufa na mti uliokauka. Ni alama ya kimataifa ya kitu chenye sumu kwa viumbe wa majini. Ukiiona, huhitaji mkalimani. Lakini usiichukulie kwamba tyubu isiyo nayo ni salama, kwani dawa ikiwa kidogo, sheria hazimlazimishi mtengenezaji kuichora.

Halafu soma maandishi madogo kabisa, yale ya tahadhari. Silikoni nyingi za madirisha huandika huko chini kwamba zisitumike kwa akwariamu au chini ya usawa wa maji. Wakati mwingine mtengenezaji anajikinga tu na kesi, lakini mimi huheshimu maneno hayo. Yeye ndiye anayejua alichotia.

Alama ya FDA 21 CFR 177.2600 ni nzuri kuiona. Ni kanuni ya Marekani kuhusu mpira unaogusa chakula mara kwa mara. Haizungumzii samaki, lakini silikoni iliyopita hapo haina nafasi ya kubeba sumu nyingi.

Jina nalo lisome lote, mpaka herufi ya mwisho. Soudal, kampuni ya Ubelgiji, inatengeneza Silirub AQ kwa ajili ya akwariamu, na chini ya jina hilo hilo la Silirub inatengeneza nyingine za bafuni. Ukimtuma kijana dukani akuletee "Silirub", utapata yoyote iliyo karibu na mkono wa muuzaji. Wafugaji wengi wa nje hutumia pia mfululizo wa RTV100 wa Momentive, ambamo RTV108 ni angavu (isiyo na rangi) na RTV103 ni nyeusi, na kuna Aqueon wanaouza tyubu ndogo za kukamua kwa mkono, mahususi kwa matangi. Nimezitaja ili ujue unachokitafuta kina sura gani. Usione lazima uzipate hizo hizo.

Ukiwa na simu, piga picha lebo, tafuta jina kamili kwenye tovuti ya mtengenezaji na ufungue karatasi ya maelezo ya bidhaa. Dakika tano ukiwa umesimama pembeni ya kaunta. Muuzaji atachoka na wewe, mwache achoke.

4. Pa kuipata

Kwa Dar es Salaam, wengi huanzia Kariakoo na Gerezani, na si vibaya. Ila mimi siku hizi huanzia kwa fundi alminiamu. Karakana za vioo na madirisha hununua silikoni kwa katoni. Wanajua ipi ni ya asidi na ipi si ya asidi, kwa sababu wakikosea kioo cha kujitazamia kinaharibika na mteja anarudi kugomba. Mara nyingi watakuuzia tyubu moja, au watakuelekeza duka la jumla wanakochukua. Kwa Nairobi, maduka ya jumla ya vifaa vya vioo ya Industrial Area yatakupa chaguo pana kuliko hadiwea ya mtaani.

Wauza samaki wa mapambo na watengeneza matangi ni chanzo kizuri zaidi, ukijua namna ya kuwauliza. Ukimuuliza "hii ni salama?" atajibu ndiyo; angejibu nini? Muulize hivi: "Mzee, tangi hilo lenye samaki uliliunda lini? Naomba nione tyubu uliyotumia." Tangi lililokaa mwaka mzima na samaki wenye afya, na tyubu tupu bado iko pembeni, ni ushahidi unaoweza kuushika mkononi.

Kama una ndugu Dubai, Muscat au Ulaya, mwombe akuletee moja, na umtumie picha ya jina kamili. Mwambie aiweke kwenye begi la chini la ndege. Silikoni ni uji, na tyubu ya kawaida ya mililita 280 hadi 310 itanyang'anywa kwenye begi la mkononi katika viwanja vingi, kwani mwisho huko ni mililita 100.

Popote utakapoinunua, mambo mawili ya kufanya kabla ya kulipa. Tafuta tarehe, hupigwa mhuri kitakoni au kwenye ukingo wa tyubu, na silikoni nyingi hudumu mwaka mmoja hivi au zaidi kidogo tangu kutengenezwa. Iliyopitwa na muda haikauki vizuri, inabaki kama gundi ya panya. Pili, bonyeza kwa kidole gumba kile kifuniko cha nyuma kinachosukumwa na bunduki, yaani kifaa cha kukamulia silikoni. Kinatakiwa kibonyee kidogo. Kikiwa kigumu kama jiwe, uji umeshageuka mpira humo ndani. Na zile tyubu zilizopangwa dirishani mwa duka, zikipigwa jua la saa nane kila siku, mwachie mwenye duka pambo lake.

Rangi? Chukua angavu au nyeusi, upendavyo. Nyeusi huficha mwani unaotambaa kwenye kona. Angavu hukuonyesha viputo vya hewa wakati wa kupaka, na kwa mtu anayefanya mara ya kwanza hilo lina faida zaidi.

5. Ijaribu kabla ya kugusa tangi

Omba kipande cha kioo chakavu kwa fundi, kisafishe kwa spiriti, kamulia mstari mmoja. Kwa hewa ya pwani itaanza kufanya utando baada ya dakika 5 hadi 20. Kesho yake ivute. Nzuri itanyumbuka, na ukizidi kuvuta itakatika yenyewe kabla haijaachia kioo. Ikibanduka nzima kama tepu, au bado inanata vidoleni, tyubu hiyo haifai, na umeokoa wiki.

Wapo wanaoloweka kipande kilichokauka kwenye mtungi wenye konokono na kungoja siku tatu. Mimi sikitegemei kipimo hicho. Konokono akifa umejifunza kitu. Asipokufa hujajifunza kitu, kwa sababu dawa inayotoka polepole hujikusanya kwa wiki kadhaa.

6. Tyubu ngapi?

Chukua tangi la urefu wa sentimita 90, upana 40 na kimo 45. Kona za ndani za kupakwa ni kuzunguka sakafu, sentimita 260, na kona nne za kusimama, sentimita 180. Jumla mita 4.4. Mstari wa pembetatu wenye upana wa milimita 8 kila upande unakula kama mililita 32 kwa kila mita, basi utatumia karibu mililita 140. Nusu ya tyubu. Nunua moja, na ya pili ya tarehe hiyo hiyo kama huna uhakika na mkono wako, maana kuishiwa katikati ya kona ni balaa.

7. Kung'oa ya zamani

Hapa ndipo kazi ilipo. Ukiniuliza kwa nini tangi lililorekebishwa limevuja tena, nitakujibu kioo kichafu kabla sijakujibu silikoni mbaya.

Silikoni mpya haishiki juu ya silikoni iliyokwishakauka. Inakaa juu yake tu, kama sahani juu ya sahani, na maji yatapita katikati. Kwa hiyo usipake kiraka juu ya kinachovuja, na using'oe sentimita 10 za kona inayovuja ukaacha zilizobaki: pale mpya inapokutana na ya zamani ndipo patakapovuja mwezi ujao. Ng'oa mstari wote wa ndani, kona zote.

Lakini elewa kwamba tangi lina silikoni mbili. Kuna ule mstari wa ndani unaouona kwenye kona, ambao ni kizuizi cha maji. Na kuna utepe mwembamba ulio katikati ya kioo na kioo, ambao ndio unaolishikilia tangi. Huo wa pili usiuguse. Wembe wako ukiingia kati ya vioo, unakata misuli.

Nunua nyembe nyingi mpya na kishikio chake. Laza wembe karibu ulale juu ya kioo, sukuma kuelekea konani, kisha sukuma kutoka upande wa kioo cha pili, na mstari utatoka kama mkanda. Wembe ukianza kukwaruza, tupa, chukua mwingine. Kwa tangi nililolitaja hapo juu, jiandae kwa mchana mzima na mgongo kuuma.

Baada ya mkanda kutoka utadhani umemaliza. Bado. Kunabaki utando usioonekana. Uutafute kwa kidole: pitisha kidole kikavu kwenye kioo, na pale kinapokwama badala ya kuteleza, ipo. Au lowesha kioo kidogo utazame kwa pembeni dhidi ya mwanga wa dirisha. Kwenye kioo safi maji hutandaa. Kwenye mabaki ya silikoni hujikunja yakawa shanga. Kwangua tena hapo, na tena.

Ukungu mweupe wa chumvi za maji utoe kwa siki ya jikoni (hapa siki ina kazi yake), suuza, kausha. Mwisho futa kwa spiriti au asetoni kwa kitambaa cha pamba kisicho na manyoya, ukibadilisha upande kila mara. Asetoni ya duka la rangi inafaa. Ile ya kutolea rangi ya kucha ina mafuta na manukato, itaacha utando uleule unaoukimbia. Sanitaiza ya jeli pia hapana, ina gliserini. Ukishafuta, usiguse kona kwa mkono mtupu.

Kabla hujaendelea, tazama ule utepe wa kati ya vioo ukiwa nje. Ukiona viputo au weupe unaokatisha kutoka ndani hadi nje, utepe wenyewe umeachia na tangi linatakiwa lifumuliwe lote na kuungwa upya. Usijidanganye na mstari wa ndani. Kwenye tangi letu la kimo cha sentimita 45, kioo cha mbele kinasukumwa na maji kwa nguvu ya karibu kilo 90, kama mtu mzima mnene anayeegemea kutoka ndani. Kimo kikiongezeka mara mbili, nguvu hiyo inaongezeka mara nne. Urefu wa tangi hauna ukatili wa namna hiyo. Tangi lenye kimo cha zaidi ya sentimita 60 nampelekea fundi, na sioni aibu.

8. Kupaka

Fungua madirisha. Bandika tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, milimita 8 kutoka konani pande zote mbili, kona zote, kabla ya kufungua tyubu. Kata mdomo wa tyubu mshazari, tundu kama milimita 5.

Paka kona zote kwa mkupuo mmoja, maana mistari inatakiwa ikutane ikiwa bado mibichi. Mimi huanza na kona nne za kusimama, kuanzia juu kushuka, kisha sakafu. Sukuma bunduki mbele badala ya kuivuta nyuma. Ukisukuma, uji unaingia konani, ukivuta unalala juu na kuacha hewa chini. Ukimaliza, pitisha kidole chenye glavu au mgongo wa kijiko cha plastiki mara moja tu kwa kila kona, kwa mwendo mmoja mrefu. Usikilowanishe kwa maji ya sabuni kama wafanyavyo mafundi wa bafu, sabuni haina kazi ndani ya tangi la samaki. Ng'oa tepu hapo hapo kabla utando haujafanyika. Ukiona kasoro ndogo baada ya dakika kumi, kunja mikono. Kuichokonoa kutaleta kubwa zaidi.

9. Kusubiri na kujaza

Silikoni hukauka kuanzia nje kwenda ndani, kama milimita 2 hadi 3 kwa siku. Mstari wetu una unene wa karibu milimita 6 pale konani, kwa hiyo siku ya pili utaushika ukadhani uko tayari wakati ndani bado ni uji. Mimi nasubiri siku saba. Chakula cha silikoni ni unyevu, hivyo Tanga au Mombasa itakwenda haraka kuliko Dodoma wakati wa kiangazi au chumba chenye kiyoyozi. Huko ongeza siku mbili tatu, na beseni la maji wazi karibu na tangi husaidia. Kulianika juani au kulipuliza kwa mashine ya nywele hakusaidii, kunafukuza unyevu unaouhitaji. Na kama bado pananuka siki ukiingiza kichwa ndani ya tangi asubuhi, bado.

Jaza kwa mara ya kwanza nje, barazani, juu ya ubao ulionyooka na karatasi ya sponji chini yake, gazeti kavu pande zote. Theluthi kwanza, kaa nalo saa kadhaa. Theluthi ya pili, acha lilale. Likijaa, liache siku mbili. Kisha mwaga maji yote, suuza mara mbili, ndipo lirudi ndani. Meza yake ipime kwa kipima-maji cha fundi. Meza iliyopinda italifungua tena tangi hata ungelipaka dhahabu. Na kama unafuga mbuna wa Ziwa Nyasa na milima yao ya mawe, weka mawe kwanza juu ya sakafu ya kioo na karatasi ya sponji katikati, mchanga ufuate. Mbuna huchimba, na jiwe lililosimama juu ya mchanga siku moja litaangukia kona uliyoihangaikia.

Nusu ya tyubu iliyobaki usiitupe. Acha kiasi kidogo kichomoze mdomoni, zungushia skrubu ndefu humo humo, andika tarehe ya leo kwa kalamu ya wino mzito, iweke mahali pa baridi, mbali na watoto. Ukiihitaji tena baada ya miezi miwili, skrubu itatoka na kizibo chake cha mpira, na nyuma yake kutakuwa na uji mbichi. Irudishe kwanza kwenye hatua ya 5.